Kuandika wasifu wa jaji wa Uingereza ukiwa Lamu: anzia daraja la Nyali

Wasifu wa majaji wa Uingereza unaoandikwa kwa Kiswahili huanza na tarehe ya kuzaliwa, ukafuata msururu wa vyeo, ukaishia kaburini. Msomaji wa Langoni au Shela hapa Lamu akiumaliza hajui mtu huyo aliamua nini, wala kwa nini jina lake lingali linatajwa na mawakili wa Malindi hadi leo. Mwongozo huu unapita njia nyingine. Shika kwanza hukumu moja iliyogusa pwani hii, uisome hadi uielewe, ndipo urudi nyuma kumtafuta aliyeiandika.

Mfano tunaoutumia ni Alfred Thompson Denning, aliyezaliwa Whitchurch, Hampshire, tarehe 23 Januari 1899 na kufariki tarehe 5 Machi 1999, akiwa na miaka 100. Tumemchagua kwa sababu ya kazi tu: alikaa kwenye kiti cha ujaji miaka 38, nyaraka zake ni tele, na kesi yake moja ilihusu ukanda huu huu tunaokaa. Hatua ni zile zile kwa jaji mwingine yeyote.

Vifaa ni vichache. Chukua karatasi 15 za A4, kila moja uikate vipande vinne, upate kadi 60. Tafuta daftari moja, flashi, na simu yenye bando. Kadi moja hubeba jambo moja tu, na kwenye pembe ya juu unaandika ulikolitoa. Ukiweka mambo mawili kwenye kadi moja, siku ya kuzipanga kwa mfuatano wa miaka utalazimika kuinakili upya, na hapo ndipo tarehe hukosewa.

Hukumu kwanza

Kesi inaitwa Nyali Ltd dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Kampuni ya Nyali ilikuwa na daraja la kuelea lililounganisha kisiwa cha Mombasa na bara ya kaskazini, na kila aliyevuka alilipa ushuru. Mzozo ulikuwa juu ya magari ya jeshi: yalipe au yasilipe? Swali dogo, lakini nyuma yake kulikuwa na kubwa. Pwani haikuwa koloni kama Nairobi. Kwa mkataba wa 1895 ukanda wa maili kumi kutoka Vanga hadi Kipini, pamoja na visiwa vya Lamu, ulibaki mali ya Sultani wa Zanzibar, Mwingereza akiwa mlinzi na msimamizi tu. Sasa sheria ya kale ya Kiingereza kuhusu ushuru wa madaraja inashika hapa au haishiki?

Denning alijibu kwa mfano wa mti. Sheria ya Kiingereza, alisema, ni kama mwaloni wa Uingereza: huwezi kuung'oa ukaupanda Afrika ukatarajia uwe na ugumu ule ule ulionao kwao. Utamea, ila unataka matunzo, na matawi mengine hayafai huku. Sisi mwaloni hatuujui. Ukiandika kwa msomaji wa Lamu, mwambie afikirie mbambakofi wa mlango wa nyumba ya mawe, kisha ajiulize ungekuwaje ukipandwa kwenye theluji. Mfano huo huo, upande wa pili.

Usiishie hapo kwenye mti. Wanaoandika juu ya Denning karibu wote hunukuu mwaloni na kuondoka, kama mtalii aliyepiga picha ya punda. Onyesha mfano huo ulikokwenda. Sheria ya Kenya ya Judicature Act, kifungu cha 3, inasema sheria ya Kiingereza iliyokuwapo tarehe 12 Agosti 1897 hutumika nchini kadiri tu hali ya Kenya na wakaaji wake inavyoruhusu. Mawazo ni hayo hayo, na kifungu bado kiko hai. Mahakama za Kenya zimeunukuu mwaloni mara nyingi zilipokuwa zikipima kanuni ipi ya Kiingereza ishike na ipi iachwe. Hapo jaji wa London anakuwa na uhusiano na kesi ya shamba la Malindi, na wasifu wako una uti wa mgongo.

Kusoma namba ya kesi

Kesi ya Nyali imeandikwa hivi: [1956] 1 QB 1. Ipasue vipande. Mwaka ulio katika mabano ya pembe ni mwaka wa kitabu cha ripoti. Namba 1 ya kwanza ni juzuu. QB ni mfululizo wa ripoti za Queen's Bench. Namba 1 ya mwisho ni ukurasa inapoanzia kesi.

Kosa la kwanza, na la kila siku: mwaka wa mabano si mwaka wa hukumu. Nyali iliamuliwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 1955, ikachapishwa kwenye kitabu cha 1956. Kesi ya kodi ya nyumba ya High Trees, [1947] KB 130, iliamuliwa 1946. Ukichukua mwaka wa mabano ukaupachika kwenye maisha ya jaji, utajikuta umemweka kwenye mahakama ambayo alikwisha kuihama. Tarehe ya kweli imo ndani, chini ya majina ya majaji.

Herufi nazo zina habari. KB ni King's Bench, QB ni Queen's Bench, na kinachobadilisha ni nani yuko kwenye kiti cha enzi. Elizabeth alirithi tarehe 6 Februari 1952, kwa hiyo High Trees ni KB na Nyali ni QB. Tangu Septemba 2022 imerudi KB. Vivyo hivyo kwa mawakili wakuu: KC (King's Counsel) wakati wa mfalme, QC (Queen's Counsel) wakati wa malkia. Denning alipata cheo hicho 1938, basi alikuwa KC. Ukimwona kwenye maandishi ya mtu akiitwa QC mwaka 1938, jua mwandishi alinakili bila kufikiri, na umhofie hata kwa mengine.

Sasa tazama jina linavyoandikwa mwanzoni mwa hukumu, maana lina umri wake wa kazi ndani yake. "Denning J" ni jaji wa Mahakama Kuu, 1944 hadi 1948. "Denning LJ" ni jaji wa rufaa, 1948 hadi 1957. "Lord Denning" bila herufi nyingine ni wakati alipoketi House of Lords, mahakama ya juu kabisa ya siku zile, 1957 hadi 1962. "Lord Denning MR", yaani Master of the Rolls, cheo tutakachokieleza chini, ni kuanzia 1962 hadi 1982. Ukipata hukumu isiyo na tarehe, herufi hizo peke yake zinakupunguzia miaka ya kutafuta.

Nani alisema, na nani alinyamaza

Katika Mahakama ya Rufaa ya London majaji watatu huketi, na kila mmoja aweza kutoa hukumu yake. Basi usiandike "mahakama ilisema" kabla hujasoma wote watatu. Mfano wa mwaloni ni wa Denning, wenzake hawakuuimba.

Privy Council ni habari nyingine. Hicho ndicho chombo cha London kilichokuwa ngazi ya mwisho ya rufaa za Kenya hadi nchi ilipokuwa jamhuri mwaka 1964. Kesi ilipanda kutoka mahakama ya Kenya kwenda Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, kisha London. Lakini hadi mwaka 1966 Privy Council ilitoa maoni mamoja tu, kama nasaha kwa mfalme, bila nafasi ya jaji kusema hakubaliani. Kwa hiyo ukisoma kesi ya wakfu iliyotoka Kenya, [1952] AC 1 (AC ni mfululizo wa Appeal Cases), iliyobatilisha wakfu wa familia ambao sadaka yake ingefika tu baada ya kizazi cha familia kwisha, usidai majaji wote walioorodheshwa waliamini hivyo. Walioketi kimya wameficha rai zao. Andika tu jina la aliyetoa maoni, na useme wengine waliketi naye. Kesi hiyo yafaa kwa yeyote anayeandika kutoka Lamu, kwani wakfu si jambo geni katika mitaa yetu, na inaonyesha jaji wa mbali akipima sharia ya Kiislamu kwa mizani iliyotengenezwa katika kesi za India za karne ya 19.

Nyali haikupita njia hiyo. Ilifunguliwa London kwenyewe, ndiyo maana ikamfikia Denning. Wengi huchanganya wakadhani alikuwa Privy Council siku hiyo.

Na jihadhari na jina la Supreme Court of Kenya katika nyaraka za ukoloni. Hiyo ni Mahakama Kuu ya leo, siyo Mahakama ya Upeo iliyoletwa na katiba ya 2010.

Kupata nyaraka bila kusafiri

Hukumu za Uingereza za kuanzia 2001 zina namba isiyotegemea kitabu, kwa mfano [2019] UKSC 41 (UKSC ni Mahakama ya Upeo ya Uingereza), na hupatikana bure kwenye BAILII, maktaba ya hukumu ya mtandaoni, na kwenye huduma ya Find Case Law ya Hifadhi ya Taifa ya Uingereza. Za kabla ya hapo ni za kubahatisha: za House of Lords na Privy Council ziko nyingi BAILII, lakini za Mahakama ya Rufaa ya miaka ya 1950 mara nyingi ziko kwenye mifumo ya kulipia. Njia ya mkato ni Kenya Law, tovuti ya ripoti za sheria za Kenya. Andika "Nyali Ltd" kwenye kisanduku cha kutafutia, na utapata hukumu za Kenya zilizonukuu aya yenyewe. Nakili aya hiyo kutoka hukumu mbili tofauti na uzilinganishe. Zikitofautiana hata neno moja, tafuta ya tatu. Kama una wakili unayemjua Malindi, muombe akutolee kurasa za ripoti yenyewe. Ni jambo dogo kwake ukimpa namba kamili, ni usumbufu ukimwambia "ile kesi ya mwaloni".

Tarehe za uteuzi zitafute London Gazette, gazeti rasmi la serikali, ambalo matoleo yake ya zamani yamewekwa mtandaoni bure. Uteuzi wa ujaji, vyeo vya KC na vya "Sir" vyote hutangazwa humo. Tafuta kwa jina la ukoo na uweke mipaka ya miaka miwili, mmoja kabla na mmoja baada. Maandishi yalisomwa na mashine, hivyo herufi hupotea. Denning asipotokea, jaribu "Alfred Thompson". Marafiki zake walimwita Tom, jina ambalo hutalipata kwenye tangazo lolote la serikali. Mijadala ya bungeni iko kwenye Hansard, nayo ni bure, na jaji aliyeketi House of Lords alikuwa pia na haki ya kusema bungeni.

Shusha PDF zote ukiwa na mtandao mzuri na uzihifadhi kwenye flashi kwa majina yanayoanza na mwaka: 1955-nyali, 1946-hightrees. Zitajipanga zenyewe.

Tanzia za magazeti zisome mwisho. Zina habari tamu za nyumbani, lakini huandikwa haraka na kwa heshima ya maiti. Vitabu alivyoandika jaji mwenyewe vichukue kama ushahidi wa upande mmoja.

Vyeo vinavyodanganya

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo tafsiri za mashine zinapowaaibisha watu.

Tuanze na maneno ya kwetu. Hakimu ni wa mahakama ya chini, jaji ni wa Mahakama Kuu kwenda juu. Usiwachanganye, na ukumbuke kwamba mahakimu wengi wa Uingereza ni raia wa kujitolea wasio na shahada ya sheria. Jaji Mkuu ni cheo cha mtu mmoja. Jaji yeyote mwenye jina kubwa si Jaji Mkuu. Denning hakuwahi kuwa. Anayelingana na cheo hicho kwa England na Wales ni Lord Chief Justice, au Lady Chief Justice akiwa mwanamke.

Wakili kwa Kiswahili ni mmoja, lakini kwao wako wawili. Solicitor hukaa ofisini na mteja, huandaa hati. Barrister husimama mahakamani. Majaji wakubwa wa zamani walitoka karibu wote kwa mabarista. Andika "wakili wa mahakamani" mara ya kwanza na ueleze, kisha uendelee na "barista" ukitaka, ila kumbuka kuwa siku hizi mjini neno hilo ni mtu wa kutengeneza kahawa.

"Called to the Bar" mashine huitafsiri "aliitwa kwenye baa". Andika: alipokelewa rasmi kuwa wakili wa mahakamani. Denning alipokelewa mwaka 1923 katika Lincoln's Inn. Na Inn si hoteli wala nyumba ya wageni. Ni moja ya jumuiya nne za mawakili za London, nyingine zikiwa Gray's Inn, Inner Temple na Middle Temple, na bila kuwa mwanachama wa mojawapo huwezi kuwa barista. Treasurer wa Inn ndiye mkuu wake kwa mwaka huo, si mweka hazina.

"Kuvaa hariri" ni kupata KC, kwa sababu ya joho la hariri. Kwetu Kenya anayekaribiana naye ni Senior Counsel.

Recorder si karani wa kurekodi. Ni jaji wa muda, wakili anayeketi siku chache kwa mwaka. Denning alikuwa Recorder wa Plymouth mwanzoni mwa 1944, na tumeona maandishi yaliyomfanya mwandishi wa kumbukumbu za bandari! Chancellor wa dayosisi si mkuu wa chuo kikuu. Ni jaji wa mahakama ya kanisa. Denning alikuwa nacho cheo hicho huko Southwark kabla ya kuwa jaji wa serikali. Msomaji wa pwani ataelewa upesi ukimwambia ni kama jamii kuwa na mahakama yake ya mambo ya dini, jinsi tunavyoijua ya kadhi, ingawa kesi zenyewe ni za majengo ya kanisa na nidhamu ya makasisi, si za mirathi na talaka.

Lord Justice si lazima awe lodi. Jaji wa rufaa huitwa hivyo kwa kazi yake, huku mwenyewe akiwa "Sir". Denning alipewa "Sir" 1944, akawa Baron Denning wa Whitchurch 1957 tu. Lord of Appeal in Ordinary si "lodi wa kawaida". Maneno hayo ya mwisho yana maana ya mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo muda wote na kulipwa mshahara.

Master of the Rolls ndicho kigumu zaidi, na mkate haumo, ingawa roll kwa Kiingereza ni mkate mdogo pia. Rolls ni hati za kale zilizokunjwa, ambazo mwenye cheo hicho alizitunza zamani. Leo ni kiongozi wa upande wa madai katika Mahakama ya Rufaa. Uache kwa jina lake, ueleze mara moja.

Sasa swali litakalokujia: mwaka 1962 Denning alitoka House of Lords, mahakama ya juu kabisa, akarudi Mahakama ya Rufaa. Alishushwa? La. House of Lords waliketi watano, na sauti yako ilikuwa moja kati ya tano, kesi zikiwa chache. Mahakama ya Rufaa huketi watatu, kesi ni nyingi, na Master of the Rolls ndiye anayepanga ipi asikilize na nani. Mtu mwenye haja ya kugeuza sheria angechagua wapi? Alikaa hapo miaka 20.

La mwisho katika hili: Uingereza ya Kiswahili ni pana mno. England na Wales wana mahakama zao, Scotland ina zake na sheria yake, Ireland ya Kaskazini vilevile. Majaji wakuu wa Scotland huitwa Lord kwa adabu ya kazi tu. Kabla ya kuandika "jaji wa Uingereza" hakikisha ni wa wapi. Mahakama moja inayowaunganisha kwa rufaa nyingi ni ile iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 2009 kushika nafasi ya majaji wa House of Lords. Hiyo iite Mahakama ya Upeo ya Uingereza. Mahakama Kuu ni High Court, ngazi mbili chini yake.

Na majina hugongana. Lord Russell wa Killowen wako watatu, babu, mtoto na mjukuu, wote majaji wakubwa. Ukipata jina hilo peke yake, mwaka wa kesi ndio utakaokuambia ni yupi.

Kesi tatu zatosha

Usiorodheshe kesi ishirini. Chagua tatu: moja alipokuwa wakili, moja iliyomtoa jina, na moja aliyokosea. Nyali ni ya nne, mlango wetu.

Ya uwakili: L'Estrange dhidi ya Graucob, 1934. Mama mwenye mkahawa Llandudno alinunua mashine ya kuuzia sigara, ikaharibika. Mkataba aliosaini ulikuwa kwenye karatasi ya kahawia, kwa maandishi madogo, na ndani yake muuzaji alijitoa kwenye dhamana zote. Denning alimtetea muuzaji, akashinda. Baadaye akiwa jaji alipiga vita maandishi madogo ya aina hiyo kwa miaka mingi. Usimwite kigeugeu. Wakili husema ya mteja wake. Rai yake mwenyewe itafute kwenye hukumu zake.

Iliyomtoa jina: High Trees. Mpangaji wa jengo zima la London alikuwa akilipa £2,500 kwa mwaka. Vita vilipoanza vyumba vikakosa watu, mwenye nyumba akakubali nusu, £1,250. Mwanzoni mwa 1945 vyumba vikajaa, kodi kamili ikadaiwa. Denning alisema kodi kamili irudi kuanzia vyumba vilipojaa, lakini ile nusu iliyosamehewa wakati wa shida haingeweza kudaiwa, kwa kuwa mpangaji aliitegemea ahadi. Mfikirie mwenye duka la Malindi aliyepunguziwa kodi mwaka 2020 watalii walipokatika, kisha mwaka 2022 akaletewa deni la nyuma. Msomaji hatahitaji maelezo zaidi.

Aliyokosea, na usiiruke: mwaka 1980 wanaume sita waliofungwa kwa mabomu ya Birmingham ya 1974 walitaka kuwashtaki polisi kwa kuwapiga. Denning aliizima kesi. Hoja yake ilikuwa kwamba wakishinda, itamaanisha polisi walidanganya kwa kiapo na hukumu zilikuwa batili, jambo la kutisha mno kuliacha litokee. Sita hao waliachiliwa mwaka 1991, hukumu zao zikiwa zimetenguliwa. Na mwaka 1982 alistaafu baada ya kelele juu ya aliyoyaandika kitabuni kuhusu watu weusi kuketi kwenye jury, lile baraza la raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Aliomba radhi na kitabu kikaondolewa sokoni. Wasifu unaosifu mwaloni na kunyamazia haya ni utenzi wa harusi.

Alikuwa na miaka 83 alipostaafu, kwa sababu aliteuliwa kabla ya sheria ya 1959 iliyoweka kikomo cha 75. Kikomo kilishuka hadi 70 kwa sheria ya 1993, kikarudi 75 mwaka 2022. Kenya ni 70. Angalia tarehe ya uteuzi kabla ya kushangaa umri wa mtu.

Kadi moja zaidi isikose. Mwaka 1960 Denning aliongoza kamati juu ya elimu ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika, ripoti ikatoka 1961, ikihimiza masomo yatolewe huku huku. Mwaka huo huo kitivo cha sheria kikafunguliwa Dar es Salaam. Kabla ya hapo kijana wa Lamu aliyetaka uwakili alikuwa na safari ya kuvuka bahari mbele yake.

Asipofuata njia hiyo

Brenda Hale, mwanamke wa kwanza kuwa Lord of Appeal, mwaka 2004, hakupanda kwa ngazi za kawaida. Alifundisha Manchester kuanzia 1966 hadi 1984, akaingia Tume ya Sheria, inayopendekeza marekebisho ya sheria, akawa jaji wa Mahakama Kuu upande wa familia 1994, wa rufaa 1999, na rais wa Mahakama ya Upeo 2017. Ukimtafutia kesi za uwakili utatoka karibu mikono mitupu ukadhani umekosea jina. Mtafute kwenye ripoti za Tume. Hukumu ya kuanzia ni [2019] UKSC 41, ya tarehe 24 Septemba 2019, ambapo majaji 11 kwa sauti moja walisema bunge halikufungwa kihalali. Ameitoa pamoja na Lord Reed, hivyo usimpe peke yake kila sentensi.

Picha

Picha ndiyo inayokosewa mwisho, mtu akiwa amechoka. Nywele za bandia ndefu zinazoshuka mabegani ni za sherehe; mahakamani walivaa fupi. Joho jeusi lenye mapambo ya dhahabu ni la sherehe za majaji wa rufaa na Master of the Rolls. Jekundu ni la jaji wa Mahakama Kuu, hasa kesi za jinai. Majaji wa House of Lords walisikiliza kesi wakiwa na suti tu, na wa Mahakama ya Upeo hivyo hivyo. Basi ukiweka picha ya Denning mwenye joho la dhahabu, usiandike chini yake "akisikiliza kesi ya Nyali". Hilo ni la sherehe, na hakuna aliyesikiliza ushuru wa daraja amevaa vile. Andika jina, cheo cha mwaka wa picha, na mwaka wenyewe. Usipoujua mwaka, tafuta picha nyingine.